Sifuri ya Wadi ya Watoto

"Na hiyo sifuri kaiandika nani? Maana mtoto wa kitanda cha nne hajavunjwa mkono na sifuri!"

Mama Dekio analiuliza hilo toka asubuhi, na wadi nzima imejitia uziwi. Jina kapewa kwa kazi yake: mwaka wa kumi na moja huu anapiga deki humo. Shule aliishia darasa la tatu, lakini macho yake hayana likizo.

Fomu ya mwaka ilikuwa mezani, Sista Mkuu anaisoma kwa sauti. Waliolazwa kwa kuanguka: mia mbili na sita. Waliolazwa kwa kupigwa: sifuri.

"Mia mbili na sita!" Mama Dekio akabwaga dekio. "Kwani watoto wa huku wanazaliwa bila miguu?"

"Mama, deki."

Nani asiyejua? Mzazi hamwoni mtu mwenye ndoo. Anamfinya mtoto mbele yake: "Ukiulizwa, umeanguka kitandani, umesikia?" Mama Dekio anapangusa hadi stoo, anafunga, anachora mstari wa mkaa nyuma ya mlango. Mtoto mmoja, mstari mmoja. Akirudi, hapewi mstari mpya, anakatiwa uleule. Mwaka huu imefika thelathini na mmoja. Sita imekatwa. Mmoja umekatwa mara mbili.

Huo ni wa kitanda cha nne, binti wa miaka minne. Kwanza kaungua chai. Halafu mguu. Sasa mkono. Kila safari baba anasema kadi imepotea, anataja jina jingine, anakatiwa kadi mpya. Kwa hospitali hao ni watoto watatu wenye mikosi. Na leo saa sita anaruhusiwa. Baba keshafika, kakaa kwenye benchi na mfuko wa nguo.

Saa nne akaja fundi rangi. Wageni wanakuja kukagua, kila kitu kiwe cheupe, hadi stoo.

"Mama, nipishe. Nimetumwa tu."

"Paka ukuta. Mlango huu ukiugusa nakupaka wewe."

"Kwani mistari ya nini? Mnacheza karata humu?"

"Kila mstari mtoto, baba. Hesabu."

Fundi akahesabu. Alipofika ishirini akarudisha brashi ndooni.

Sista Mkuu akaja mbio. "Unataka wadi yangu ionekane mbaya?"

"Kwani umewapiga wewe, sista? Aibu yako ni ipi?"

"Hujui! Ukiandika kapigwa unaitwa polisi, unaitwa mahakamani, wiki nzima. Ukiandika kaanguka..."

"Unakunywa chai."

Kelele zikamtoa daktari, kijana aliyehamia mwezi uliopita. Akaukodolea macho mlango. "Huu uliokatwa mara mbili?"

"Kitanda cha nne, mwanangu. Karudi humu mara mbili."

"Kadi yake inasema hajawahi kulazwa."

"Kadi inasema ilichoambiwa! Tafuta ya wiki ile bomba lilipasuka tukaogelea humu. Halafu ya siku tuliyobadilisha mapazia."

Sista Mkuu tarehe za bomba na mapazia alikuwa nazo, kwenye daftari lake la matengenezo. Akalileta bila kumwangalia mtu. Kadi zikapatikana. Majina matatu, na kwenye kila kadi imeandikwa: kovu chini ya sikio la kushoto. Daktari akaenda kitandani, akamgeuza binti kichwa taratibu. Kovu hilo hapo. Kovu halibadili jina.

Akakata "ameanguka", akaandika "amepigwa". Akawapigia simu ustawi wa jamii, kisha polisi.

"Naondoka naye saa ngapi?" baba akauliza benchini.

"Leo huondoki naye," daktari akamjibu.

Sista Mkuu akafuta sifuri, akaandika moja. Moja! Mlangoni kuna thelathini wengine, na kwenye fomu bado wameanguka. Mama Dekio hakusema asante. Aliokota dekio lake, akasimama mbele ya meza. "Bado thelathini, sista. Mabomba na mapazia ninayo mengi. Tuanze."

Basi na wewe unayesoma, acha kuguna. Kama kazi yako ni kuandika, andika kapigwa. Huna kalamu, okota mkaa. Na huyo wa jirani yako anayelia kila jioni, unamjua, usijitie hujui. Kamsemee leo, kabla hajaja kuandikwa kaanguka.