Shuka na Kochi la Mwalimu

Siku ya kwanza fundi makochi alipomtia machoni, yule dada alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, shuka jeupe begani, jicho moja kalifumba, akiichungulia karakana kupitia vidole alivyovikunja kama dirisha. Machale yakamcheza fundi. Ndani kulikuwa na kochi jipya la mahameli ya kijani, mali ya mwalimu mkuu mstaafu. Mwalimu huyo akikusifu unapata kazi za mtaa mzima. Akikuponda, tafuta kazi nyingine. Fundi akaurudishia mlango, ukabaki upenyo wa kupitisha hewa tu.

"Yule ni nani?" alimuuliza kinyozi, jirani yake.

"Humjui Shuka? Si yule anayepiga picha za pasipoti pale kona. Lile shuka ndilo ukuta wake. Anamlea bibi yake, anamwogesha, anamlisha, na bado anapata nafasi ya kuota kwamba atapiga video za muziki."

"Video na karakana yangu wapi na wapi?"

"Si umuulize mwenyewe!"

Fundi hakuwa mtu wa kuuliza. Alikuwa na haya tangu utotoni. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi.

Kesho yake Shuka akaja mwenyewe, pamoja na mdogo wake wa kiume, mwoka mikate mwenye sauti nzuri.

"Shikamoo fundi. Naomba tulipige picha hilo kochi, saa moja tu. Halitoki humu ndani."

"Ni la mtu."

"Najua. Lingekuwa langu ningekuja kukusumbua?"

Fundi akatazama sakafu, akakohoa, akasogea pembeni kuokota nyundo. Shuka akachukulia kwamba amekubaliwa.

"Ahsante fundi, Mungu akuzidishie!"

Tangu hapo fundi hakumwondolea jicho. Alimwona akitundika shuka dirishani, jua likalainika. Alimwona akiegemeza kifuniko cha sanduku kilichofunikwa karatasi ya kung'aa ili kirudishe mwanga, na nyuma ya kochi akiweka birika lichemke ili mvuke upande kama ukungu. Kijana alivaa suti ya kuazima, ya mtu mwenye kitambi. Mbele ilimkaa kama ya waziri, mgongoni ilikunjwa na kushikwa kwa vibanio vya kuanikia nguo. Fundi akawaza: watu wanaotengeneza mbele na kuacha nyuma hivi, mimi watashindwa kunizunguka? Halafu akakumbuka kwamba hata kochi la Mwalimu, mgongoni alilivika kitambaa hafifu kwa kuwa lingeegemezwa ukutani. Wazo hilo akaliacha.

Wimbo ulipowashwa alishtuka. Ulikuwa wa mapenzi, lakini ulikimbia kama nyuki waliochokozwa, na kijana aliyejilaza kwenye kochi akawa anafukuzana nao, midomo ikimcheza.

"Mbona hivyo?"

"Picha nitaipunguza mwendo baadaye," Shuka alisema. "Midomo itaendana na wimbo wenyewe, ila mvuke na nguo vitaelea kama ndotoni. Wenye uwezo wana mitambo yao. Mimi nina simu na mdogo wangu mwepesi wa mdomo."

"Tena mdomo wenyewe unauma," kijana akadakia.

Hayo hayakumwingia fundi akilini. Huenda kelele zile zilikuwa za kumzubaisha ili mwingine apite mlango wa nyuma. Akaenda kuukagua. Komeo lilikuwa mahali pake.

Aliporudi, Shuka alikuwa amevua viatu na kukaa juu ya kiti cha ofisini chenye magurudumu, kilicholetwa kushonwa, simu kaishika kwa mikono miwili.

"Fundi, nisukume. Taratibu, kama unasukuma mtoto aliyelala."

Angeweza kukataa, lakini kukataa kulihitaji maneno. Akasukuma. Walikuwa katikati ya safari hiyo, wimbo ukilia kama paka aliyebanwa mkia, mlango uliposukumwa akaingia Mwalimu.

"Nimekuja kuona kochi langu," alisema. "Nakuta limeshapata mgonjwa!"

 Fundi akamtazama Shuka, akijua kabisa anachosubiri: huyu binti atasema fundi ameruhusu, na kazi ya miaka yote itakwenda na maji.

"Shikamoo, Mwalimu. Kosa ni langu," Shuka alisema. "Fundi hakusema ndiyo hata mara moja."

"Na hapana, alisema?"

"Hapana pia hakusema. Si unamjua."

Mwalimu akamwangalia fundi, mikono ingali juu ya kile kiti, na kidogo tu acheke. Hakucheka.

"Mimi sikalii jasho la mtu. Kitambaa cha kukalia kibadilishwe chote. Nikiona alama hata moja, mtaa mzima utanisikia."

Jioni hiyo Shuka akabaki. Akakaa chini akang'oa misumari midogo mmoja mmoja, vidole vikimchubuka, na kesho yake akarudi tena, na tena. Fundi aliendelea kumchunga kwa pembe ya jicho. Mtu hajitolei hivi hivi. Anataka nini?

"Unataka nini?" lilimtoka siku moja, akaona haya mwenyewe.

"Nataka Mwalimu akalie kochi lake," Shuka alijibu bila kuinua kichwa. "Nipe koleo."

Mwalimu alilikagua kochi kwa miwani na bila miwani, akalichukua. Baada ya muda video ikatokea kwenye televisheni ya kinyozi. Jumba la kifahari, ukungu, kijana wa suti akielea juu ya mahameli.

"Nyumba ya nani hii?" wateja waliulizana. Fundi, aliyejua kwamba hatua moja nje ya picha ile palikuwa na rundo la sponji na ndoo ya gundi, alijikuta anachekea kiganjani.

Wapiga video wa mji mwingine wakamwita Shuka akafanye nao kazi. Siku ya kuondoka alimpakia bibi yake kwenye gari, akaingia karakana na stendi ya simu aliyoiunga mwenyewe kwa mabomba matatu.

"Gari limejaa. Nitunzie hii."

Fundi akaipokea, akaiinua juu, akachungulia ndani ya bomba moja baada ya jingine.

"Kwa nini mimi?"

Honi ililia nje. Shuka alikuwa ameshafika mlangoni.

"Usimwazime mtu, fundi," alisema. "Watu wa siku hizi hawaaminiki."