Siku ya Tatu ya Komora

Juzi nilipita kijiji cha Wema nikamwona mwanamke akipalilia kaburi dogo, na tangu hapo alasiri moja ya utotoni haijaniacha nitulie.

Mdogo wangu Komora alikufa kwa homa, wakati mto umefurika. Siku ya kumzika, mwalimu wa misheni alisema Yesu alifufuka siku ya tatu, na sisi vivyo hivyo tutafufuka. Nikahesabu kwa vidole. Siku ya tatu ilipofika nilichukua ndizi mbili mbivu jikoni bila kuaga, maana nilijua ataamka na njaa, nikaenda kumngoja.

Kaburi lilinuka tope bichi. Nilikaa, nikasimama, nikazunguka, nikalaza sikio chini. Nikasikia kitu kikigonga, nikafurahi sana. Leo najua ulikuwa moyo wangu mwenyewe. Viboko walikuwa wakikoroma mtoni, na kila walipokoroma niligutuka nikidhani ni yeye.

Mama alinikuta pale.

"Unafanya nini hapa?"

"Namngoja Komora. Mwalimu alisema siku ya tatu."

Akanishika mkono aniinue. "Ile ilikuwa siku ya Yesu, mwanangu. Yetu sisi hatukuambiwa ni lini."

"Sasa akiamka leo, na sisi hatupo?"

Mama aliitazama njia ya kurudi nyumbani, kisha akalitazama kaburi. Akauachia mkono wangu.

"Sogea kidogo," akasema, akaketi.