Dumuzi wa Jirani

Kwa mujibu wa baba yangu, dumuzi ni mdudu anayekula mahindi ya majirani. Mwaka juzi, dada yangu alipokuwa anajiandaa kuolewa baada ya Pasaka, baba alijaza kihenge mahindi ya sherehe yakiwa bado kwenye magunzi, akakifunga. Mama alitaka yapukuchuliwe, yachanganywe na dawa.

"Dawa ni ya wenye mikosi," baba akamjibu. "Mahindi yangu makavu haya."

Kijijini kwetu, nje kidogo ya Sumbawanga, wazee wote walikuwa hivyohivyo. Jumamosi kwenye sala ya jumuiya, nyumbani kwa mmoja wetu, baada ya rozari, kila mmoja aliombea wenzake: "Tuwaombee jirani zetu walioingiliwa na dumuzi." Tunaitikia. Nilijiuliza hao jirani wanakaa wapi, maana sote tulikuwa humo sebuleni.

Asubuhi moja tulivu, tukinywa uji, tulisikia kitu kinatafuna: kre, kre, kre. Mama akaweka kikombe chini.

"Baba watoto, unasikia?"

"Nasikia. Ni kwa jirani hapo. Maskini, na nilimwonya."

Jirani mwenyewe yuko ng'ambo ya barabara. Dumuzi wa kusikika kutoka kule angekuwa na meno ya fisi.

Harusi ilipokaribia, kihenge kikafunguliwa. Kilichomwagika ni vumbi la unga na magunzi matupu. Baba aliuchota unga ule kwa kiganja, akakaa kwenye kigoda. Dada alilia: wageni wangekula nini? Mimi, niliyezoea kumcheka baba, siku hiyo nilimwonea huruma sana.

Jumamosi iliyofuata alisimama jumuiyani. "Niombeeni," akasema. "Nimeingiliwa."

Halafu yule jirani wa ng'ambo, Msukuma mwenye ng'ombe wake, akakohoa. "Hata mimi." Akafuata mwingine, na mwingine, mpaka mwenyekiti wa jumuiya. Maombi ya siku hiyo yalikuwa marefu.

Harusi ikalishwa na masalia ya kila kihenge, yaliyopepetwa na mama zetu mpaka mikono ikawauma. Ugali ulikuwa na uchungu kwa mbali, lakini hakuna aliyesema. Baba alikula, akaongeza, kisha akamwinamia jirani yake.

"Uzuri wake, ndugu yangu, dumuzi harudi nyumba moja mara mbili. Mwakani jihadhari wewe."