Sauti ya Hermani kwenye Msiba wa Mzee Hhando

Watu wa kijiji cha Gitting wakimtaja Letisia hawaanzi na shamba lake la viazi, ingawa ni shamba la kutazamwa. Wanaanza na msiba wa baba mkwe wake, Mzee Hhando.

Mwaka ule mumewe, Koplo Hermani, alikuwa Lebanoni na kikosi cha kulinda amani. Nyumbani kwao mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo Letisia akishamaliza kukamua ng'ombe alipanda kilima kilicho nyuma ya kanisa, akasikiliza ujumbe wa sauti wa mumewe, akajibu. Alijibu mambo ya kawaida kabisa. Ndama ameanza kula majani. Violeth, binti yao, ameng'oka jino na sasa hataki kucheka mbele za watu. Upepo umelaza ngano ya jirani. Hermani alimwambia kwamba askari wenzake walimwomba aongeze sauti, ili nao wasikie habari za ng'ombe wasiowajua.

Mzee Hhando hakuipenda simu, lakini kila mkwewe aliposhuka kilimani alimwuliza, "Mwanangu anakula?"

"Anakula, baba."

"Basi." Hayo yalimtosha.

Mzee aliugua kifua, na asubuhi moja ya ukungu hakuamka. Mke wake, Kornelia, alikuwa akilia ndani na majirani wameshaanza kujaa uani, Maximilian, mdogo wa marehemu, alipomvuta Letisia kando. "Mama Violeth, mpigie Hermani. Lazima ajue."

Letisia alipanda kilima, lakini hakumpigia Hermani. Alimpigia Wolfgang, mtu wa Mbulu aliyekuwa kikosi kimoja na mumewe.

"Shemeji, Hermani yuko wapi?"

"Yuko lindoni. Nimwite?"

"Usimwite. Amebeba bunduki, akili yake ibaki hapo hapo. Akitoka lindoni, mketishe, kaa karibu naye, halafu mnipigie. Baba ametutoka."

"Pole sana, shemeji. Utasubiri huko kilimani?"

"Nitasubiri."

Alijifunga kitenge vizuri, akakaa juu ya jiwe lenye umande. Chini aliwaona watu wakiingia nyumbani kwake, naye alitamani kuwa kati yao, alie kama wengine. Hakushuka. Jua lilikuwa limeshapasua ukungu simu ilipoita.

"Mama Violeth, mbona Wolfgang amenishika bega?"

"Nimemwomba mimi, kwa sababu niko mbali. Baba amelala, Hermani. Hakuteseka. Jana jioni alikunywa maziwa, akakuulizia."

Hermani aliangua kilio. Letisia hakumwambia ajikaze. Alimwacha alie, na yeye akalia, kila mmoja kwenye nchi aliyokuwamo.

"Sitawahi mazishi," Hermani alisema hatimaye. "Mimi ndiye mkubwa. Nani atamuaga kabla ya udongo?"

"Utamuaga wewe. Jirekodi, sema yote uliyotaka kumwambia, unitumie. Nitamfikishia."

Ujumbe ulipoingia, Letisia alishuka nao. Kesho yake, kabla ya kwenda kaburini, alipiga goti mbele ya wazee na kuwaeleza. Maximilian alikunja uso.

"Simu kaburini? Hatujawahi kuona kitu kama hicho."

"Baba mdogo, sibishani nanyi. Mkikataa, nitaizima. Ila mtoto ameshasema na baba yake. Hata mimi sijasikiliza."

"Hujasikiliza?"

"Si maneno yangu."

Maximilian aliwatazama wenzake. Mmoja akatikisa kichwa kukubali, kisha mwingine.

Kaburini Letisia aliinua simu juu kwa mikono miwili. Sauti ya Hermani ikatoka kwa Kiiraqw, lugha ya kwao, taratibu, ikikwaruza. Alimkumbusha baba yake siku alipokwenda jeshini, jinsi mzee alivyomsindikiza kwa miguu hadi mjini Katesh, begi la mwanawe kichwani, akikataa kabisa kupokewa. "Pumzika, baba," alisema. "Mama hatakuwa peke yake." Kornelia aliyekuwa ameishiwa nguvu aliinuka, akasogea hadi karibu na simu, akasimama hapo mpaka sauti ilipokwisha.

Watu walingoja Maximilian atangulie kutupa udongo. Yeye aliuchota, akauweka kwenye kiganja cha Letisia.

"Tangulia," alimwambia. "Wewe ndiye uliyemleta mwanetu."

Hermani alirudi mwaka uliofuata, wakati wa kuvuna maharage. Maximilian ndiye aliyempokea barabarani, na kabla ya kumpeleka kaburini alimweleza yote: kilima, umande, goti lililopigwa mbele ya wazee. Mengi Hermani alikuwa hayajui, maana Letisia hakuwahi kumsimulia. Alipofika nyumbani alimkuta mkewe shambani, mikono imejaa vumbi la maganda. Akavua koti la jeshi, akalitundika kwenye mti, akainama kuvuna kando yake.