Bi Litapita na Unga Uliochacha

Dada yangu hajawahi kukosea kwa sauti ndogo. Akipatia hupaza sauti, akikosea huipaza zaidi, na mtaa mzima umemzoea. Wateja wanamwita Bi Litapita, kwa sababu hakuna jambo ambalo hajalitolea hukumu hiyo. Bei ya ngano ikipanda, litapita. Mvua ikikatika katikati ya msimu, litapita. Mchumba wangu wa kwanza aliponiacha, dada alinipa kikombe cha chai na neno hilo hilo moja. Nilitamani kummwagia chai yake, ila ukweli ni kwamba lilipita.

Ana bekari. Ni chumba kimoja kirefu chini ya paa la bati, tanuri ukutani, meza ya kukandia katikati, na dirisha la kuuzia linalotazama barabara. Dirishani nakaa mimi. Aliianzisha na mumewe, na mumewe alipofariki alibaki na mdogo wa marehemu, ambaye ndiye mkandaji. Mimi na dada sote tunamwita Shemeji. Ni mtu mkimya kama maji mtungini; ukimsalimia asubuhi, kuitikia kwake kunaweza kukupata mchana. Lakini mikono yake, acha. Ngano ikipita kwenye mikono ile inakuwa na adabu.

Kazi yenyewe iko hivi. Unga hukandwa jua likizama, ukaachwa kwenye mabeseni makubwa umefunikwa kwa kitambaa, uumuke polepole usiku kucha. Alfajiri unakatwa, unaviringwa na kuingia tanurini. Hamira hupimwa kwa kijiko cha bati alichokitumia marehemu, vijiko vitatu vya kujaa kwa kila beseni. Dada anakiita kipimo cha marehemu, na hakiguswi. Unaweza kubadilisha rangi ya kuta, unaweza hata kubadilisha mwenye duka la ngano, lakini ukimwambia dada apunguze hamira utadhani umemwambia auze pete yake ya ndoa.

Mjadala wa joto uliletwa dirishani na Mwalimu. Huyu anafundisha jiografia, na kila asubuhi hununua mkate mmoja na kuacha maneno ya kutosha mikate kumi.

"Dunia inapata joto," alisema siku moja, miaka kadhaa iliyopita, akijifuta jasho shingoni, "na sababu kubwa ni sisi watu."

"Sisi nani?" dada aliuliza kutoka ndani. "Mimi nimeipasha dunia kwa kitanuri hiki?"

"Kwa mafuta tunayochoma, makaa ya mawe, misitu tunayokata..."

"Mwalimu, tulia kwanza. Babu yangu aliona ukame mpaka watu wakala mizizi. Ukapita. Yakaja mafuriko yakabeba daraja. Yakapita. Na gari hapakuwa na hata moja. Hayo nayo aliyaleta nani?"

Foleni nzima ikacheka, na mimi nikacheka nayo. Mwalimu alisubiri tumalize, maana ualimu umemfundisha kungoja kelele zipungue.

"Mizunguko ipo, sikatai. Kuna miaka bahari inapata joto, halafu inapoa. Jua nalo linazidi kidogo na kupungua. Hata mhimili wa dunia unayumba, ila huo mwendo wake ni maelfu kwa maelfu ya miaka. Lakini sasa..."

"Umesikia, mdogo wangu? Mizunguko ipo. Mpe mtu mkate wake."

Maskini Mwalimu, miaka yote ile hakuwahi kuvuka "lakini". Dada alikuwa na hoja nyepesi na sauti nzito, na ukichanganya viwili hivyo unashinda mdahalo wowote wa dirishani. Kila joto lilipozidi alisema hakuna marefu yasiyo na ncha, mwakani baridi itarudi. Mimi nilijua kilichokuwa kinamsemesha. Unga huchacha upesi kwenye joto; baridi ikirudi, kipimo cha marehemu kitabaki kuwa sawa. Hakuwa anaitetea hali ya hewa, alikuwa anamtetea mumewe.

Basi mwaka huu usiku ukagoma kupoa. Mchana tuliuzoea, mchana siku zote una ukali wake. Ila tulizoea pia kwamba jua likishazama, bati hulia lia likijikunja na chumba kikapoa. Sasa unaamka alfajiri, shuka limekuganda mgongoni, na ukuta wa bekari ukiugusa bado una uvuguvugu wa jana. Mikate ikaanza kutoka na matundu kama sifongo na harufu ya siki. Wateja wakairudisha. Hospitali ikarudisha kreti nzima, na hapo dada alishikwa na aibu kweli, kwa sababu mgonjwa hachagui mkate, anakula anachopewa.

Akabadilisha aina ya hamira. Akabadilisha ngano. Akamgombeza muuza ngano mpaka yule bwana akaanza kupita njia nyingine. Shemeji akamwambia mara moja tu, kwa upole, "Shemeji, tupunguze hamira. Usiku siyo ule." Dada akamkata jicho. Na kwa kuwa vitu vyote vilishabadilishwa na hamira haipunguzwi, akabaki mtu mmoja wa kulaumiwa.

Alimlaumu mbele za watu. Ilikuwa asubuhi, foleni imefika barabarani, mama mmoja amerudisha mikate miwili inanuka. Dada akatoka mpaka dirishani na Shemeji akiwa nyuma yake na trei mikononi.

"Mkono wako mzito!" alimwambia. "Unajaza hamira kama unapakua ugali. Au unakanda mapema ili uwahi kwenda kulala. Kazi ya kaka yako unaiharibu wewe!"

Shemeji akaweka trei chini, akavua aproni, akaikunja vizuri. Halafu akasema maneno mengi kuliko niliyomsikia akisema mwaka mzima.

"Joto la dunia nzima, Shemeji, unasema halina mkono wa mtu. Kwenye unga wa beseni moja ndimo umeuona mkono wangu?"

Akatoka. Hakubamiza mlango. Angebamiza ningejisikia nafuu.

Nilikasirika, na sioni sababu ya kuficha. Nilimwambia dada kwamba mtu aliyemfukuza ndiye aliyebeba bekari mgongoni mwaka ule wa msiba, yeye alipokuwa hawezi hata kushika ufagio kwa majonzi. Akanijibu kwamba atarudi tu, hasira zake zitapita. Nikamwambia kuna vitu havipiti, vinaondoka, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Jioni hiyo akakanda mwenyewe. Aliamua kunionyesha, mimi na mtaa, kwamba tatizo lilikuwa mkono wa Shemeji. Akapima vijiko vitatu, kila kimoja akakifuta juu kwa kisu kisizidi hata chembe. Akasubiri jua lizame kabisa. Akafunika mabeseni, akafunga, tukaenda nyumbani, akalala usingizi wa mtu mwenye hakika.

Alfajiri tulipofungua, harufu ilitutangulia kutoka. Unga ulikuwa umepanda, umesukuma vitambaa, umemwagika pembeni mwa mabeseni na kutambaa juu ya meza, halafu ukachoka na kuporomoka katikati. Dada akachomeka kidole, akaonja. Akabaki amesimama na kidole kimenyooka.

"Mkono ni wangu," alisema. "Kipimo ni cha marehemu. Na umechacha."

Akakaa juu ya gunia la ngano na kulia. Mumewe alimzika macho makavu, watu wakasema ana moyo wa chuma. Kumbe kilio alikiweka akiba, akakitolea kijiko cha hamira. Nilimshika bega na sikumwambia litapita.

Siku hiyo hatukuuza kitu. Mwalimu alipokuja akakuta dada yuko nje ya dirisha, upande wa wateja, anamngoja.

"Malizia ile lakini yako," dada akamwambia.

Mwalimu alishtuka kidogo, kama mtu aliyesukuma mlango kwa nguvu akakuta uko wazi. "Lakini jua linafanya kazi mchana," alisema. "Kama jua ndilo lingekuwa limeongeza ukali, mchana ndio ungetangulia kuwaka. Vipimo vinaonyesha jua halijaongeza ukali, na sehemu nyingi za dunia usiku unapoteza baridi yake haraka kuliko mchana. Maana yake joto linaingia kama zamani, ila kutoka linazuiwa. Gesi za moshi wetu zimetanda huko juu kama blanketi."

"Unga wangu ndio ushahidi wa dunia nzima?"

"Hapana. Unga wako peke yake hauthibitishi kitu. Joto jingine la mtaa huu ni la hizi lami na mabati tuliyobanana nayo. Lakini watu wamepima kila pembe, nchi kavu na baharini, na jibu ni hilo hilo. Ile mizunguko unayoitaja ipo, na itaendelea kupanda na kushuka. Ila sasa inapanda na kushuka juu ya ngazi, na ngazi tumeiweka sisi."

Dada akafikiri. Nilidhani atabisha, maana kubisha ni pumzi yake. "Kwa hiyo ile baridi yangu hairudi."

"Mwaka mmoja mmoja inaweza kurudi. Usiitegemee."

Akashukuru, akafunga dirisha, akanyoosha mtandio wake, tukaenda kwa Shemeji.

Mkewe alitufungulia na hakutupa kiti. Alikuwa na haki. Shemeji alikuwa uani anakaza miguu ya meza. Dada akasema yote, kwamba amekosea, kwamba unga ulichacha mkononi mwake mwenyewe, kwamba anamwomba radhi yeye na mkewe. Alisema vizuri, mimi mwenyewe ningesamehe. Shemeji akapigilia msumari mpaka mwisho ndipo akainua uso.

"Ulinifukuza dirishani," alisema.

Basi. Akaendelea na meza yake.

Tulipofika bekari dada akatoa kijiko cha marehemu, akakiangalia sana, akapima kimoja na nusu. "Angekuwepo yeye," aliniambia, "angeshapunguza zamani. Hakuwa mjinga kama mimi." Akakanda, na safari hii alikanda jua likiwa limeshazama muda mrefu.

Asubuhi mikate ikatoka safi, mgongo wa hudhurungi, haina siki. Foleni ilikuwa fupi, watu walikuwa wamekuja zaidi kwa umbea kuliko kwa njaa. Dada akanisogeza pembeni, akajaza dirisha lote kwa mabega yake.

"Sikilizeni! Juzi hapa nilisema mkate umeharibiwa na mkono wa Shemeji yangu. Nilisema uongo. Mkate umeharibiwa na joto, na kwa mimi kukataa kubadilika. Yeye aliniambia, sikumsikia. Na lile joto nililowaambia miaka yote kwamba ni mzunguko tu, litapita, hilo nalo nimekosea. Mizunguko ipo, asije mtu akaniambia haipo. Lakini hili lina mkono wa watu ndani yake, na tukingoja lipite tutangoja na unga umechacha. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Nimeshindwa. Mikate iko tayari, jipangeni vizuri, msisukumane."

Alishindwa hivyo hivyo alivyokuwa akishinda, kifua mbele. Mwalimu akainua kidole aongeze jambo. Nikamwambia, "Mwalimu, leo nunua mkate tu."

Ndipo nikamwona Shemeji. Alikuwa mwisho wa foleni, amevaa shati la kutokea, ametulia kama mteja mwingine yeyote. Sijui nani alimwambia aje. Nadhani ni mkewe. Dada alimwona pia, maana alinyamaza, na kwake hilo si jambo dogo. Tuliendelea kuuza. Foleni ikasogea, mtu mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeondoka. Waliokwisha kununua walisimama kando, mikate mikononi, wanajifanya wanaangalia barabara.

Zamu yake ilipofika alinyoosha mkono. Dada akampa mkate mwenyewe. Shemeji akaumega, akaunusa, akautazama ndani matundu yake, akatia kipande mdomoni na kutafuna bila haraka.

"Chumvi imepungua," Shemeji akasema.

Akatoka kwenye foleni, akazunguka nyuma ya jengo. Mlango wa uani ukalia, kisha tukasikia bomba linafunguliwa, na maji yakimwagika kwa muda mrefu, maji ya mtu anayenawa mikono mpaka kwenye viwiko.