Chupa Yenye Jani la Kijani

Kamwene, ndugu zangu. Nimeombwa niseme na ninyi mnaosubiri kupimwa sukari leo, na nimekubali kwa sababu bado nina hasira. Mimi ni Baba Tumaini. Nilizaliwa Idodi, nikaja Ubaruku nikiwa kijana kufuata mpunga, nikabaki huko. Kazi yangu ni kuendesha mashine ya kukoboa.

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa kushuku kila kitu, na kazi ndiyo iliyonifundisha. Mchele uleule ukitoka mashineni, wafanyabiashara wanaujaza mbele ya macho yangu kwenye viroba vyenye majina ya mahali tofauti. Kwa hiyo nilijiona mjanja. Nani angenidanganya mimi kwa maandishi?

Ugonjwa ulianza na kiu. Nilikunywa maji mpaka tumbo likawa linacheza kama ndoo, na kukojoa kukawa hakuishi. Mke wangu ndiye aliyegundua. Nilikuwa na tabia ya kujisaidia nyuma ya migomba, basi siku moja akaniita: "Baba Tumaini, hebu njoo uone. Hawa sisimizi kwenye mkojo wako wanafuata nini?" Tukaenda zahanati. Nikaambiwa nina kisukari, nikapewa vidonge, na sukari nikakatazwa kabisa.

Jamani, mimi nilikuwa mtu wa vijiko vinne! Kwenye maonyesho ya wakulima Mbeya nikamkuta dada mmoja anauza sharubati ya kutia kwenye chai. Chupa imechorwa jani la kijani, imeandikwa ASILIA, RAFIKI WA MAZINGIRA, HAINA SUKARI NYEUPE.

"Hii ni mimea tupu, baba," akasema. "Hata wenye kisukari wanaitumia."

Mama Tumaini akaionja kwa kidole. "Mbona tamu hivi? Mimi naitilia shaka. Si unywe tu chai kavu, bila sukari?"

Nikamwambia hajui mambo ya mimea.

Nikaitia kwenye chai, nikaitia kwenye uji, mara nyingine nikailamba hivihivi. Miguu ikaanza kufa ganzi. Siku moja nilivaa gambuti nikaenda shambani kufungulia maji. Jioni navua, naona damu. Changarawe ilikuwa humo kutwa nzima inanisaga, na sikuisikia. Kidonda kikatunga usaha. Kidole gumba cha mguu kikawa cheusi, na harufu yake, mnisamehe, mke wangu alikuwa anafungua dirisha kwanza ndipo ananisalimia.

Nikalazwa Mbeya. Daktari wangu, binti mdogo tu, hakunificha: "Mzee, sukari isiposhuka tutaukata mguu chini ya goti. Ikishuka, labda tutaondoa vidole tu." Mtu wa mashine anasimama kutwa. Bila mguu mimi ni nani? Nililia mbele ya yule binti bila aibu.

Sindano zikaishusha sukari. Kisha Mama Tumaini, aliyefikia kwa dada yake mtaa wa Soweto, hapohapo Mbeya, akaanza kuniletea uji pamoja na ile chupa, kwa sababu nilimng'ang'ania ailete. Sukari ikapanda tena. Hapo kila mtu akaanza kumshuku mwenzake. Wauguzi wakamkalia kooni mke wangu: "Mama, unamletea soda?" Akaapa huku analia. Mimi nikazishuku sindano, nikataka nioneshwe kichupa cha dawa nione kimetoka wapi. Nikamshuku hata jirani wa kitanda cha pili, eti ananionea kijicho. Ile chupa ilikaa juu ya kabati pembeni ya kichwa changu, na hakuna aliyeitazama mara mbili.

Asubuhi moja nikageuza shingo, nikawaona sisimizi. Walikuwa wamepanda kabati, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka kwenye kifuniko cha chupa. Nikakumbuka migomba yangu, nikapiga kelele wodi nzima ikashtuka.

Daktari akaigeuza chupa. Kwa nyuma, kwa herufi ndogo kuliko ulezi, akasoma: "Sharubati ya miwa."

"Lakini wameandika asilia," nikasema.

"Miwa nayo ni asilia, mzee. Sukari unadhani inatoka wapi?"

"Wamesema haina sukari!"

"Wamesema haina sukari nyeupe. Hii ni ya kahawia."

Uongo wa viroba ulinikuta kitandani. Tena chupa yenyewe ya plastiki, sijui ni rafiki wa mazingira gani. Ikatupwa. Sukari ikashuka na kutulia. Vidole viwili vilikatwa, mguu ukabaki.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule binti, na zaidi ya wote mke wangu, aliyeitwa mwongo kwa ajili ya ubishi wangu. Ninyi mnaonisikiliza, msiache dawa. Kagueni miguu yenu kila siku, na mkung'ute viatu kabla ya kuvaa. Mkiona neno asilia, geuzeni chupa, ulizeni daktari. Upupu nao ni asilia.

Siku hizi nakunywa chai kavu mashineni, nimesimama. Lakini kabla ya kuonja bado nakizungusha kikombe, naangalia chini yake, naangalia ukingoni. Mama Tumaini ananicheka: "Kunywa, mume wangu. Chai yako hata sisimizi hawaitaki."