Mayai Mawili ya Kuchemsha

Asubuhi ile niliitafuta sufuria ya marehemu mke wangu, ile iliyobonyea ubavuni, nisiione. Nikachemsha mayai yangu mawili kwenye birika la umeme, nikayafunga kwa leso, nikayatia mfukoni mwa kanzu.

Mjukuu wangu, binti aliyezaliwa hapa hapa Johannesburg, alikuwa amepata kazi yake ya kwanza na amehamia chumba chake mtaa wa Observatory. Alikuwa amenialika mara tatu twende kula mgahawani, nami nikamkatalia mara zote tatu. Tangu nitoke Tanga sijala chakula cha jiko nisilolijua, kwa kuchelea nguruwe. Mara ya nne aliniambia, "Babu, ukikataa tena, mimi sitauliza tena." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonitia hofu. Nikakubali, nikiwa nimepanga kunywa maji tu, na kula mayai yangu atakapokwenda kunawa mikono.

Mgahawa ulikuwa mtaa wa Kensington, wa Wakuba, watu wa kisiwa cha Kuba, na ukutani wamechora magari ya zamani yenye rangi za peremende. Meza ya jirani walikuwa wanakula wali na maharage meusi na ndizi mbivu za kukaanga. Moyo ukanienda kwetu. Kisha nikaona, kando ya ndizi, vipande vya nyama yenye ngozi inayong'aa mafuta, nikajua ni nini. Nikaingiza mkono mfukoni kuhakikisha mayai yapo. Leso ikafunguka, yai moja likaniponyoka, likabingirika mezani hadi mbele ya mjukuu wangu.

"Babu! Umebeba mayai?"

"Ya akiba, mama."

"Akiba ya nini? Tunakwenda safari?"

Akacheka kidogo, kisha akawa anachezea kijiko. Niliona nimemuumiza. Nikaanza kumweleza habari za vyungu na najisi, kama ninavyowaeleza watoto wa madrasa. Akanizuia kwa kiganja.

"Subiri, Babu."

Mpishi akatoka jikoni, Mkuba mnene mwenye taulo begani, amebeba sufuria kwa mikono miwili. Akaitua mbele yangu. Ilikuwa imebonyea ubavuni.

Nikaupapasa ubavu ule kwa kidole. Mjukuu wangu akaeleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Mimi nilichukua jana, wewe ukiwa msikitini. Na mwiko wa Bibi. Kuku nilinunua kwa yule Muislamu wa Jules Street. Wali, maharage, kuku, yote imepikwa ndani ya hii tu."

Mpishi akaniambia kwa Kiingereza kwamba amekatazwa hata kuonja kwa kijiko chake mwenyewe. "Huyu binti ni mkali kuliko mama yangu," akasema.

Mjukuu wangu alipoacha madrasa akiwa na miaka kumi na miwili sikumlazimisha. Ila kwa miaka mingi niliamini kwamba niliyomfundisha yamemwagika yote, na nilimwomba Mungu juu yake kama mtu anayemwombea aliyepotea. Nikiwa bado nawaza hayo, nikamsikia anasema bismillahi. Alinitangulia.

Tukala. Maharage yalikuwa na bizari nyembamba na pilipili hoho, na wali ulikuwa umeyanywa maji yake yote. Niliongeza mara mbili. Mayai tulimpa mpishi, akayamenya palepale na kuyala kwa chumvi.

Chakula kilipokwisha sufuriani, mjukuu wangu akaukwangua ukoko, akauweka wote sahanini kwangu.

"Bibi alikuwa anakupa wewe," akasema.

Mjukuu wangu alikuwa mdogo sana wakati ule. Sikujua kwamba aliona. Nikaugawa ukoko nusu kwa nusu, nikamhimidi Mola wangu kimoyomoyo.

Mlangoni aliniuliza, huku akitazama barabarani, "Babu, mwezi ujao tena?"

Nikampa sufuria, nikamwambia akae nayo kwake, tutaihitaji mwezi ujao. Tangu siku hiyo mayai yangu nayachemsha kwenye birika.